Seli shina ipi kwa uchunguzi wa neva: ya kiinitete, ya iPS, au ngozi iliyogeuzwa moja kwa moja?

Daktari akitaka kujua ini la mtu lina nini, huchoma sindano akatoa kipande. Ngozi hivyohivyo, uboho pia. Ubongo haumegwi namna hiyo. Ukiacha vipande vichache vinavyobaki baada ya upasuaji wa kifafa au uvimbe, kinachopatikana ni ubongo wa marehemu, nao unaonyesha mwisho wa ugonjwa tu: unakuta majivu, hujui moto ulianzia chumba gani.

Panya wametusaidia sana, ila wana mipaka yao. Chukua ugonjwa wa SMA, ule unaoua nyuroni (seli za neva) zinazoendesha misuli ya watoto wachanga. Chanzo chake ni kuharibika kwa jeni ya SMN1, na kwa binadamu makali yake hupunguzwa na jeni inayofanana nayo, SMN2. Panya hana SMN2 kabisa mpaka apandikizwe. Unachunguza ugonjwa ndani ya mnyama asiye na kitu kinachoamua mtoto ataumwa kiasi gani.

Hapo ndipo seli shina za binadamu zinapoingia: unachukua seli ambayo bado haijawa kitu, unailea mpaka iwe nyuroni, na unaitazama njia nzima. Swali linalowasumbua wanaoanza ni waanze na seli ipi: ya kiinitete, ya iPS (seli ya kawaida ya mtu iliyorudishwa kuwa kama ya kiinitete), au ngozi iliyogeuzwa kuwa nyuroni moja kwa moja. Nimeona watu wakichagua kwa bei, au kwa kuwa maabara ya jirani inazo. Mimi huuliza habari ya umri. Ugonjwa huu huanza mtu akiwa na miaka mingapi? Na seli niliyoshika ina umri gani?

Seli za kiinitete: umri sifuri tangu mwanzo

Mwaka 1998, James Thomson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin walichukua viinitete vya binadamu vya siku chache tu, vilivyotungishwa maabara kwa ajili ya uzazi na kutolewa kwa hiari, wakatoa seli za ndani na kuzilea. Zikaendelea kugawanyika bila kuchoka. Walipata koo tano, yaani familia tano za seli, kila moja ikitokana na kiinitete kimoja, zikiitwa H1, H7, H9, H13 na H14. H9 bado inalelewa katika maabara nyingi duniani, na kwa sababu hiyo ukikwama na matokeo ya ajabu, kuna mtu mahali fulani aliyewahi kukwama palepale na ukoo uleule. Faida hiyo haiandikwi kwenye orodha za bei, lakini ina thamani kubwa.

Uzuri wa seli hizi ni kwamba hazijawahi kuwa kitu kingine. Hazina kumbukumbu ya ngozi wala ya damu. Kama unachouliza ni namna seli inavyoamua kuwa neva, huo ni usafi ambao huupati kwingine. Njia inayotumika zaidi leo ilichapishwa mwaka 2009 na Stuart Chambers pamoja na kundi la Lorenz Studer, New York. Unaziwekea seli vitu viwili vinavyoziba masikio yake zisisikie ishara mbili, ile ya BMP na ile ya TGF-beta. Seli iliyonyimwa ishara hizo haibaki palepale. Inaelekea kuwa ubongo, kana kwamba hiyo ndiyo njia yake isipoambiwa vingine. Zaidi ya 80% ya seli zao zilianza kuonyesha PAX6, alama ya seli za awali za ubongo.

Baada ya hapo ndipo utamu ulipo. Weka sahani chini ya hadubini wakati zulia la seli limeanza kunenepa. Utaona seli ndefu nyembamba zimejipanga kwa mduara, ncha zote zikielekea katikati, kama petali za ua, na pale katikati pana uwazi mdogo. Su-Chun Zhang aliyaeleza maua haya kwa seli za binadamu mwaka 2001. Yanaiga mfereji ambao kwenye kiinitete huja kuwa ubongo na uti wa mgongo: seli ikitaka kugawanyika, kiini chake husogea kwanza hadi ukingo wa uwazi ule, kikagawanyika pale, kisha kikarudi nje. Hakuna aliyezifundisha. Ukiongeza asidi ya retinoiki pamoja na ishara ya sonic hedgehog, zinaelekea uti wa mgongo na kutoa nyuroni za misuli. Siku ya kwanza kuyaona nilisahau kuwa nimeshika pipeti.

Kasoro ziko mbili. Ya kwanza ni sheria. Ujerumani hairuhusu kutengeneza koo hizi nchini. Unaruhusiwa kuingiza kwa kibali tu, tena zile zilizotengenezwa kabla ya tarehe 1 Mei 2007. Marekani nayo, kuanzia 2001 hadi 2009, ilizuia fedha za serikali kuu kwa koo zote isipokuwa zilizokuwapo tayari kufikia tarehe 9 Agosti 2001. Kwa hiyo nenda kwa kamati ya maadili kabla ya kuagiza chupa.

Kasoro ya pili kwangu ni nzito zaidi: seli ya kiinitete haina mgonjwa. Kiinitete kile hakikuwahi kuwa mtu, hakikuwahi kutetemeka mkono wala kusahau njia ya nyumbani. Unaweza kuipachika jeni mbovu, lakini huna historia ya kulinganisha nayo.

Seli za iPS: mgonjwa aliyerudishwa mwanzo

Mwaka 2006, Kazutoshi Takahashi na Shinya Yamanaka wa Kyoto walionyesha kwamba seli za kawaida za panya zikiingiziwa jeni nne, yaani Oct4, Sox2, Klf4 na c-Myc, hurudi kuwa kama seli za kiinitete. Mwaka uliofuata wakafanya hivyo kwa binadamu, na kundi la Thomson likafanya vilevile mwaka huohuo kwa mchanganyiko tofauti kidogo. Yamanaka alipewa Nobel mwaka 2012 pamoja na John Gurdon, aliyekuwa amelithibitisha wazo hilo kwa chura miaka hamsini nyuma. Seli zenyewe huitwa iPS.

Ghafla mgonjwa akaingia maabara na jeni zake zote. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard na Columbia walichukua ngozi ya bibi wa miaka 82 mwenye ALS ya kurithi, ugonjwa unaoua nyuroni za misuli, wakaifanya iPS, kisha nyuroni za misuli, aina ileile iliyokuwa ikifa mwilini mwake. Mwaka 2009 kundi la Wisconsin likalinganisha mtoto mwenye SMA na mama yake asiyeumwa: nyuroni za mtoto zilianza vizuri kwenye sahani, kisha zikapungua kadiri wiki zilivyopita, za mama zikabaki. Kuona kitu kinaanza salama halafu kinaharibika mbele ya macho yako, hicho ubongo wa marehemu hauwezi kukupa.

Sasa rudi kwenye umri. Bibi yule alikuwa na miaka 82, lakini safari ya kurudi kuwa iPS ilifuta karibu alama zote za uzee kwenye seli zake. Nyuroni zilizotoka zina jeni za bibi na tabia za mtoto aliye tumboni. Kwa SMA, kwa ugonjwa wa Rett (ugonjwa wa kijeni wa ukuaji wa ubongo), kwa ubongo usiokua vizuri tangu mimba, hilo halina shida, tena ndilo unalolitaka. Kwa Parkinson au Alzheimer unajaribu kuona maradhi ya uzeeni kwenye kijusi.

Na kurudi mwanzo hakufuti kila kitu. Hapa kuna kisa ninachowasimulia wote wanaosema seli za kiinitete na iPS ni kitu kimoja. Ugonjwa wa Fragile X, unaoleta ulemavu wa akili, hutokea pale herufi CGG zinaporudiwarudiwa zaidi ya mara 200 kwenye jeni ya FMR1 mpaka jeni ikazimwa. Mwaka 2007 watafiti wa Israeli walitoa seli kwenye kiinitete chenye ugonjwa huo. Jeni ilikuwa bado inafanya kazi! Ilizimika seli zilipoanza kubadilika kuwa kitu kingine. Mwaka 2010 wakatengeneza iPS kutoka kwa wagonjwa waliokwisha kuzaliwa: jeni ilikuwa imezimwa, na haikuwashwa tena hata baada ya seli kurudishwa mwanzo. Ugonjwa mmoja, jeni moja, seli mbili zinazodaiwa kuwa sawa, na majibu mawili. Anayetaka kujua jeni inazimwaje, iPS hizo hazimfai. Mlango umeshafungwa kabla hajafika. Anayetafuta dawa ya kuiwasha tena, iPS ndiyo hasa aitakayo.

Kwa maswali mengi lakini tofauti kati ya hizi mbili ni ndogo kuliko tofauti kati ya mtu na mtu, na hilo ndilo linalowaangusha wengi.

Pacha kwanza

Nilipoanza nilikuwa na koo za wagonjwa wawili na za watu wazima wa afya wawili. Nyuroni za wagonjwa zilikuwa na matawi mafupi. Ilionekana wazi, hata takwimu zilikubali. Nilikuwa nimekwisha kuchora picha za makala. Mtu mmoja kwenye kikao akaniomba niongeze mtu mwenye afya wa tatu, nikakubali kwa kununa. Matawi yake yalikuwa mafupi kuliko ya wagonjwa wote. Nilichokuwa nimepima kwa miezi saba ni kwamba watu hawafanani.

Dawa yake ni pacha: unachukua seli za mgonjwa, unarekebisha kosa moja tu la jeni kwa CRISPR, yaani mkasi wa kuhariri DNA, halafu unalinganisha seli mbili ambazo zinatofautiana pale tu. Au unakwenda kinyume, unaweka kosa kwenye ukoo wenye afya uliochunguzwa vizuri. Mradi wa iNDI wa taasisi ya afya ya taifa ya Marekani, NIH, ulichagua njia hii ya pili: mwaka 2022 waliulinganisha ukoo baada ya ukoo, wakachagua KOLF2.1J kuwa wa kuwekea makosa ya Alzheimer na magonjwa jamaa yake. Faida ni kwamba maabara mbili zilizo mbali zinaongea lugha moja.

Pacha hafai tu pale ambapo hakuna jeni inayojulikana, na Parkinson nyingi ni za namna hiyo. Hapo hakuna njia ya mkato. Unahitaji watu wengi.

Ngozi kuwa nyuroni bila kupita utotoni

Mwaka 2010, Thomas Vierbuchen na Marius Wernig wa Stanford waliingiza jeni tatu, Ascl1, Brn2 na Myt1l, kwenye seli za panya zinazojenga tishu kama ngozi, zikawa nyuroni moja kwa moja. Kwa binadamu iliwezekana mwaka 2011, kwa kuongeza NeuroD1. Hakuna hatua ya seli shina hapa, na wapo watakaosema haistahili kuwekwa kwenye ulinganisho huu. Naiweka kwa sababu ya umri.

Mwaka 2015 kundi la taasisi ya Salk lilichukua ngozi za watu wa rika mbalimbali, kuanzia wachanga hadi wazee wa zaidi ya miaka 80. Nyuroni zilizopitia iPS zilikuwa changa zote. Zilizogeuzwa moja kwa moja zilibaki na alama za umri wa mwenyewe, hata ile kasoro ya uzeeni ambapo protini za ndani ya kiini na za nje yake huanza kuchanganyikana. Kwa magonjwa ya wazee, hakuna njia nyingine kati ya hizi inayokupa hilo.

Gharama yake ni kubwa. Nyuroni hazigawanyiki, kwa hiyo akiba yako inaishia pale ngozi uliyokusanya inapoishia. Kurekebisha jeni na kupata pacha ni taabu tupu. Na kwa mtu anayechunguza ukuaji haina msaada wowote, maana njia yote ya ukuaji imerukwa.

Usiichanganye na mkato unaofanana nayo: kuingiza jeni moja, Ngn2, kwenye seli za iPS au za kiinitete. Njia hiyo ilitoka Stanford mwaka 2013 na inatoa nyuroni kwa muda usiofika wiki mbili, kwa wingi na zinazofanana. Kwa kupima dawa mamia kwa mpigo ni nzuri sana. Lakini umri wake ni sifuri uleule, na yale maua ya petali hutayaona.

Sahani bapa au oganoidi?

Uchaguzi huu ni tofauti na ule wa kwanza, ingawa watu huuchanganya. Seli yoyote shina unaweza kuilea ikiwa bapa kama zulia, au kuiacha ijikusanye iwe donge linaloelea na kujipanga lenyewe, ndiyo oganoidi.

Madeline Lancaster na Jürgen Knoblich, Vienna, walionyesha oganoidi za ubongo mwaka 2013 kwa kutumia mgonjwa aliyezaliwa na kichwa kidogo kutokana na kasoro ya jeni ya CDK5RAP2. Panya wenye kasoro hiyo hawakuwa wameonyesha udogo unaofanana na ule wa mgonjwa. Oganoidi zilibaki ndogo, na sababu ilionekana: seli za awali zilikimbilia kuwa nyuroni mapema, zikaisha kabla ya kuzaana vya kutosha. Miaka mitatu baadaye, watoto wenye vichwa vidogo walipozaliwa kwa wingi Brazili, seli za awali za ubongo na oganoidi zilionyesha ndani ya miezi michache kwamba virusi vya Zika hushambulia seli hizohizo. Wanyama wasingetoa jibu kwa haraka hiyo.

Lakini ukizikata utaona tatizo. Oganoidi haina mishipa ya damu. Ikifika milimita chache, oksijeni haifiki katikati, na ndani kunakuwa na kiini cha seli zilizokufa, rangi yake ni kama ya chai ya rangi iliyochujuka. Tena mbili zilizotoka sahani moja hazifanani. Njia zinazoelekeza seli kwenye sehemu moja tu ya ubongo zimepunguza hilo. Kundi la Paola Arlotta, Harvard, lilionyesha mwaka 2019 kwamba oganoidi za gamba la ubongo zinaweza kutoa aina zilezile za seli kila mara. Kundi la Sergiu Pașca, Stanford, huunganisha oganoidi za sehemu mbili na kutazama seli zikihama kutoka moja kwenda nyingine. Kwa wagonjwa wa Timothy, ugonjwa adimu wa kijeni unaogusa moyo na ubongo, seli hizo huhama kwa kurukaruka vibaya.

Ushauri wangu ni wa kibahili: usifanye oganoidi kama jibu lako halihitaji umbo. Kama unauliza seli zinapangana vipi, zinahama vipi, tabaka zinajengwaje, huna budi. Kama unauliza nyuroni inarusha umeme kiasi gani au protini fulani inarundikana wapi, sahani bapa itakujibu kwa usafi zaidi. Kasi ya umeme kupita kiasi kwenye nyuroni za ALS ilionekana kwenye sahani bapa mwaka 2014, na ndiyo iliyopeleka dawa ya kifafa, retigabine, kwenye majaribio ya wagonjwa 65. Dawa ilipunguza ukali wa umeme huo kwa wagonjwa kama ilivyofanya kwenye sahani, ingawa jaribio lilikuwa fupi mno kusema kama maisha yanarefuka.

Saa isiyoharakishwa

Njia yoyote inayopitia hatua za ukuaji itakugharimu muda. Nyuroni za gamba la ubongo wa binadamu hukomaa kwa miezi, hata ukiziweka kwenye ubongo wa panya, ambaye zake hukomaa kwa wiki. Saa zinayo zenyewe ndani. Kundi la Studer lilionyesha mwaka 2024 kwamba saa hiyo hufungwa kwa alama zilizo kwenye protini zinazofungasha DNA, tangu hatua ya seli za awali, na kwamba kuzuia vimeng'enya kama EZH2 kwa muda mfupi huilegeza. Hata hivyo panga bajeti ya chakula cha seli kwa miezi, na upange nani atakuja siku za sikukuu.

Ukipokea ukoo wowote, pima bakteria wa mikoplasma kwanza, hata kama aliyekupa ni rafiki. Halafu pima kromosomu, si siku ya kwanza tu bali kila baada ya vizazi kadhaa. Kuna kipande cha kromosomu ya 20 kinachopenda kujirudia, kikiwa na jeni inayozuia seli kufa. Seli iliyokipata hushinda jirani zake, na kikiwa kidogo hupita bila kuonekana kwenye kipimo cha kawaida cha hadubini. Mwaka 2017 koo 140 za kiinitete zilisomwa, na tano zilikuwa na makosa kwenye TP53, jeni ile inayozuia saratani. Hili haliwachagui iPS wala kiinitete. Jicho nalo lizoee: koloni nzuri ina ukingo mkali unaong'aa kama sarafu, na siku ukiona ukingo umeanza kulegea na seli kutawanyika, usisubiri kesho. Na ukizitenganisha moja moja bila kizuizi cha ROCK (dawa inayozuia kimeng'enya kinachochangia kifo cha seli zilizotengwa), ambacho Wajapani walituonyesha mwaka 2007, kesho utakuta zimekufa karibu zote.

Mimi ningechukua nini

Swali likiwa ni la ukuaji wa kawaida, ningeanza na H9 kama sheria inaruhusu, kisha nirudie na iPS mbili kuona kama jibu linasimama. Kwa jeni zinazozimwa au kuwashwa mapema mno, kama ile ya Fragile X, ningetafuta ukoo wa kiinitete chenye kasoro hiyo hata kama ni kwa ushirikiano na maabara ya mbali. Ugonjwa wa utotoni wenye jeni inayojulikana: iPS na pacha, bapa kwanza. Ugonjwa wa uzeeni wenye jeni: iPS na pacha kwa kazi kubwa, halafu ngozi iliyogeuzwa moja kwa moja kwa watu wachache, kuangalia kama kilichoonekana kwenye seli changa kipo pia kwenye zile zenye umri. Ugonjwa wa uzeeni usio na jeni: kusanya watu wengi kadiri unavyoweza, wazee wenye afya wakiwemo, kabla hujaanza kupima chochote.

Na bajeti ikiruhusu koo mbili tu, chukua mgonjwa mmoja na pacha wake aliyerekebishwa. Mgonjwa wa pili atasubiri mwaka ujao.